Asidi Ina Kazi Yake: Kati ya Pipa la Mvinyo na Dirisha la Dawa

Kaa nami nyuma ya dirisha la dawa hapa Dodoma tangu asubuhi mpaka adhuhuri, utadhani mji mzima unaumwa tumbo moja. Mtumishi aliyehamia na wizara yake kutoka Dar es Salaam, mwanafunzi wa UDOM, dereva wa lori la Singida, mama anayeuza mchicha soko la Majengo, wote wana ombi lilelile. "Dada, nina asidi." "Anti, nipatie zile kapsuli za vidonda." Ukiuliza nani amempima, unaambiwa jirani. Au mke wa jirani, ambaye naye anazimeza mwaka wa pili sasa.

Mimi ni fundi dawa sanifu. Kabla ya kushika kazi hii nilikuwa kwenye maabara ndogo ya kiwanda cha mvinyo, na huko ndiko nilikoifahamu asidi kwa karibu kuliko nilivyoifahamu chuoni. Ndiyo maana mtu akiniambia "nataka ya kuikata kabisa", mkono wangu hauendi rafuni haraka.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na sifa hiyo tunaisema kwa majivuno. Tusichokisema ni gharama ya jua letu. Tunda likiivia kwenye joto, sukari hupanda mbio huku asidi ya maliki ikitumika na tunda lenyewe katika kupumua kwake. Unapata zabibu tamu ajabu, lakini juisi yake ni legelege, na pH, kipimo cha ukali ambacho hushuka asidi ikizidi, imepanda. Kazi yangu ilikuwa kupima hiyo pH kila mzigo ulipoingia. Kipimo hiki, kwa taarifa ya wanaodhani sayansi huzaliwa mahali patakatifu, kilibuniwa mwaka 1909 na mwanakemia Søren Sørensen katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg, kule Copenhagen. Kila hatua moja ya kipimo ni mara 10: kitu chenye pH 3 kina ukali wa asidi mara 10 ya kitu chenye pH 4. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa sana ndani ya pipa.

Mzee aliyekuwa akisimamia mapipa, Mgogo wa Hombolo, alikuwa anaonja kwanza. Anakunja uso, anatema pembeni, anasema "hii itakaa" au "hii haifiki Krismasi". Halafu ananiambia, "Haya mwanangu, uliza mashine yako." Mara nyingi mashine ilikubaliana naye. Lakini alinisubiri kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo ulimi hauwezi kulikadiria: kiasi cha salfaiti.

Mvinyo hulindwa kwa dioksidi ya salfa, inayotiwa kama unga wa metabisalfaiti. Ikishaingia kwenye mvinyo haikai katika sura moja. Sehemu kubwa hugeuka kuwa na chaji ya umeme na kupoteza makali. Sehemu ndogo hubaki bila chaji, na hiyo ndogo ndiyo inayoua bakteria na hamira za porini. Kinachoamua mgawanyo ni pH. Kwenye pH 3.2, karibu asilimia 4 ya salfaiti iliyo huru, yaani isiyojifunga na vitu vingine vya mvinyo, iko katika sura inayofanya kazi. Kwenye pH 3.8, asilimia 1 tu. Unga uleule, mizani ileile, ulinzi umepungua mara nne kwa sababu mvuno wa joto ulikosa ukali. Mtu asiyejua atamwaga salfaiti zaidi, mvinyo unuke kiberiti. Anayejua hurekebisha asidi kwanza, kwa kuongeza tartariki, ambayo ni asidi ya zabibu yenyewe na ya ukwaju pia.

Kwa nini kile kisicho na chaji ndicho chenye nguvu? Ngozi ya seli ni ya mafuta, na mafuta hayapitishi kirahisi kitu chenye chaji. Molekuli tulivu hupenya. Ikifika ndani, ambako hali haina ukali, inaachia protoni yake, ile chembe inayoipa asidi ukali, inabaki na chaji, na kutoka haiwezi tena: kama samaki wa Mtera aliyeingia kwenye mgono. Seli ya bakteria inaanza kuhangaika kuzisukuma nje zile protoni, inatumia nguvu zake zote kwenye usafi, haikui, haizaliani. Naomba msomaji ulishike hilo, maana nilikuja kukutana nalo tena mahali ambapo sikulitarajia.

Jirani yangu anauza juisi za chupa. Ya ubuyu inakaa kwenye jokofu siku nyingi bila neno. Ya tikiti inavimba na kutoa povu, ingawa zote mbili anazitia benzoeti ya sodiamu kwa kijiko kilekile. Alishaanza kumshuku msichana wake wa kazi kwamba haoshi chupa. Nikamwambia msichana hana kosa. Benzoeti ni mwenzake salfaiti kwa tabia: inafanya kazi ikiwa katika sura ya asidi isiyo na chaji, na nusu tu ya hiyo hubaki kwenye pH 4.2. Ubuyu ni mchachu, uko karibu na 3, kwa hiyo benzoeti inapata nguvu. Tikiti liko juu ya 5. Huko benzoeti ni mapambo. Aongeze limau hadi pH ishuke chini ya 4, au auze tikiti likiwa limekamuliwa siku hiyohiyo. Akachagua limau, na wateja wake wakasema juisi imekuwa tamu zaidi, jambo ambalo siwezi kulieleza kwa kemia.

Bibi zetu hawakuwa na benzoeti. Walikuwa na togwa. Uji ukichachushwa, bakteria wa asidi ya laktiki huishusha pH, na vijidudu vingi vya kuharisha havistahimili. Miaka ya 1990 watafiti wa Kitanzania walilifuatilia hili kwa watoto wadogo: waliolishwa uji uliochachushwa walikutwa na vimelea wachache wa kuharisha kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Ukipita vijiji vya Bahi au Chamwino ukapewa togwa ya mtama, unakunywa chakula kilichojilinda chenyewe. Viwanda vya vyakula vya makopo vina mstari wao wa aina hiyohiyo: chini ya pH 4.6 bakteria wa sumu ya botulini hakui, na ndiyo maana nyanya na matunda husindikwa kwa joto la kawaida la kuchemsha wakati maharage na nyama hudai mvuke wa mgandamizo.

Kinyume cha hayo ni magadi, tunayotia kwenye mlenda uvutike na mboga ibaki kijani. Siyapingi, mlenda bila magadi kwangu ni maji ya majani. Ila nimeona watu wakilamba magadi kwa kiungulia, na hasa akina mama wajawazito. Yanatuliza kweli, kwa dakika chache: yanakutana na asidi ya tumbo, yanatoa gesi, mtu anacheua, anashukuru. Anachokuwa amemeza ni mzigo wa sodiamu, na mjamzito mwenye presha ndiye mtu wa mwisho anayestahili mzigo huo.

Shemeji yangu ni fundi wa mitambo kwenye hoteli. Maji ya visima vya Dodoma yana madini mengi, na birika la nyumba yoyote mjini hapa litakuonyesha ule ukoko mweupe. Boila nayo hujaa ukoko, mabomba yakaziba. Tindikali ya haidrokloriki inauyeyusha ukoko ukaisha, lakini ikimaliza ukoko inageukia chuma. Kuna waliojaribu tindikali ya betri kwa kuwa ni rahisi kuipata. Hiyo ni salfuriki, na ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, ambayo haiyeyuki vizuri, kwa hiyo unatoa ukoko mmoja na kupanda mwingine. Mafundi wa kweli hutumia haidrokloriki iliyotiwa kizuizi. Kiasi kidogo tu. Molekuli zenye naitrojeni au salfa hujibandika kwenye uso wa chuma na kuufunika, asidi inaendelea kula ukoko huku chuma kikisalimika. Kizuizi hakigusi ukali wa asidi hata kidogo. Kinachagua mahali.

Mojawapo ya vizuizi hivyo ni heksamini, na shemeji aliponitajia jina hilo nilicheka, kwa sababu dawani tunaifahamu kama metenamini. Ni dawa ya kuzuia maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, na inafanya kazi pale tu mkojo ukiwa na asidi, kwa kuwa asidi ndiyo inayoivunja itoe fomaldehaidi inayoua bakteria. Mkojo ukikosa ukali, inapita bure. Na Ulaya kitu hichohicho kimeruhusiwa, kwa namba E239, kuhifadhi jibini ya Italia iitwayo provolone. Kwenye boila, kwenye kibofu na kwenye jibini. Sijui molekuli nyingine yenye wasifu wa kazi wa namna hiyo.

Sasa tumbo. Mwaka 1824 daktari wa Kiingereza, William Prout, alitangaza kwamba asidi iliyomo tumboni ni haidrokloriki, ile ya mafundi. Mtu akiwa hajala, pH ya tumbo lake huwa kati ya 1 na 2. Inasindika protini, inasaidia kufyonza madini ya chuma, inafungua vitamini B12 kutoka kwenye nyama, na inaua vijidudu tunavyomeza kila siku bila kujua. Kuhusu hilo la mwisho kuna majaribio ya kipindupindu yaliyofanywa Marekani kwa watu waliojitolea. Wakinywa vimelea kwa maji matupu, ilihitajika mamia ya mamilioni hadi mabilioni ili waugue. Wakitanguliziwa baikaboneti ya kupoza asidi, milioni moja ilitosha kuwaharisha walio wengi. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukasambaa mikoa mingi unatosha kutukumbusha kwamba katika nchi yetu mlango huo si wa kuachwa wazi bila sababu.

Dawa za kuzuia asidi ziko za namna tatu, na watu wanaziita zote "za vidonda". Za kutafuna na za maji, zenye magnesi na alumini, hukutana na asidi iliyokwisha kutoka na kuipoza. Magnesi hulegeza choo, alumini hufunga, ndiyo maana huchanganywa. Za pili huziba histamini isiiamshe seli itoe asidi. Mskoti James Black ndiye aliyefungua njia hiyo, dawa yake simetidini ikaingia sokoni Uingereza mwaka 1976, naye akapata Tuzo ya Nobel 1988. Mwaka huohuo 1988, Sweden, ilianza kuuzwa omeprazoli, ya namna ya tatu, ambayo hufunga pampu yenyewe inayosukuma protoni kuingia tumboni.

Na hapa ndipo nilipokutana tena na mgono. Omeprazoli inamezwa ikiwa imevikwa tabaka la kuilinda, inapita tumboni salama, inayeyuka utumbo mdogo, inaingia kwenye damu. Katika damu haina chaji, haina neno na mtu. Inapenya seli za ukuta wa tumbo mpaka kwenye kijifereji ambacho asidi inatokea, mahali pakali kuliko pote mwilini. Hapo inadaka protoni, inapata chaji, inanasa. Mkusanyiko wake mle hufikia takribani mara 1,000 ya ule wa kwenye damu. Kisha asidi inaigeuza umbo, ikajifunga kwenye pampu moja kwa moja. Asidi ndiyo inayoiamsha dawa itakayoinyamazisha. Bakteria wa pipa alinaswa na kitu kilichoachia protoni ndani. Pampu ya tumbo inanaswa na kitu kinachopata chaji ndani. Kanuni ni hiyohiyo, na niliyafahamu maelezo ya kitabu cha famasia kwa urahisi kwa sababu nilikuwa nimeshanusa salfaiti.

Maelekezo yote ninayotoa dirishani yanatoka kwenye njia hiyo, na nikiyaeleza kwa sababu zake watu huyafuata zaidi kuliko nikiamuru. Meza nusu saa kabla ya kula, kwa sababu chakula ndicho kinachoziamsha pampu, na dawa hunasa kwenye pampu iliyo macho tu. Usifungue kapsuli ukasaga punje zake kwenye uji wa mtoto au wa mgonjwa, maana utaivua tabaka lake na tumbo litaiharibu kabla haijafika. Usitarajie nafuu kamili siku ya kwanza. Huchukua siku 3 hadi 5, kwa kuwa si pampu zote huwa macho kwa wakati mmoja. Dawa yenyewe hutoka kwenye damu ndani ya saa chache, lakini pampu iliyofungwa haifunguki, mwili hulazimika kutengeneza nyingine.

Kinachonisumbua zaidi ni wale wanaozimeza miaka bila kujua wanatibu nini. Wengine wana bakteria, H. pylori. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walimfichua kule Perth mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Marshall, aliposhindwa kuwashawishi madaktari wenzake, alimnywa mwenyewe mwaka 1984, ukuta wa tumbo lake ukavimba kwa maambukizi. Nobel yao ilikuja 2005. Bakteria huyu anaishi kwenye asidi kwa kuzuia asidi: anavunja urea, anatoa amonia, anajizungushia wingu la kupoza. Omeprazoli peke yake haimwondoi. Inatuliza maumivu huku yeye akiendelea kuchimba. Dozi yake ni ya wiki 2 kwa kawaida, yenye antibiotiki mbili au zaidi pamoja na omeprazoli, na ikikatizwa siku ya tano kwa sababu "nimepona", anarudi akiwa mgumu zaidi. Tena, mtu anayekwenda kupima choo au pumzi huku anameza omeprazoli anaweza kuambiwa hana kitu. Aiache wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Hili ningependa libandikwe kwenye kila daladala ya mji huu. (Pilipili, kwa upande wake, inaendelea kulaumiwa kila mahali. Muacheni pilipili.)

Wengine tatizo lao ni diklofenaki, dawa ya maumivu wanayonunua kwa ajili ya mgongo, nayo huumiza tumbo. Wengine wana ujauzito, na vidonge vya kuongeza damu wanavimeza sambamba na dawa ya kutafuna ya kiungulia, madini ya chuma hayafyonzwi, kliniki wanashangaa damu haipandi. Kwa wanaotumia ARV zenye dolutegraviri huwa naeleza kwa sauti ya chini, kwa sababu dirisha langu halina faragha ya kutosha: dawa hiyo imezwe saa 2 kabla ya dawa za kutafuna zenye magnesi au alumini, au saa 6 baada yake, la sivyo madini huishika na haiingii mwilini. Omeprazoli haina ugomvi nayo. Ugomvi wake ni na dawa nyingine, kama ketokonazoli ya fangasi, inayohitaji asidi ili iyeyuke.

Na kuna mtego wa kuacha. Mwaka 2009 watafiti wa Denmaki walichukua watu 120 wazima, wasio na kiungulia, nusu wakapewa dawa ya jamii ya omeprazoli kwa wiki 8. Katika wiki zilizofuata baada ya kuacha, asilimia 44 ya waliopewa dawa walipata dalili za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Tumbo lililozibwa hujibu kwa kujiandaa kutoa zaidi. Kwa hiyo anayeacha ghafla akaungua siku ya nne hana haja ya kuamini kwamba "vidonda vimerudi". Apunguze polepole, kwa ushauri wa aliyemwandikia, na dawa ya kutafuna imsaidie siku zile ngumu.

Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu au chakula kinamkwama, huyo simuuzii chochote. Namuelekeza hospitali akaangaliwe kwa kamera.

Hivi karibuni alikuja mzee wa Chamwino na mjukuu wake. "Mbukwa, mwanangu." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Babu alikuwa na cheti: dawa ya maumivu ya magoti kila siku, na omeprazoli ya kulinda tumbo. Kijana hakuwa na cheti, alikuwa na kiungulia cha chipsi za usiku, na alitaka "kama za babu, za miezi mitatu".

"Za kwako, Babu, zina sababu. Umri wako na hizo dawa za magoti, tumbo lisipolindwa linaweza kutoa damu. Usiache bila daktari kukuambia."

"Na huyu?"

"Huyu akapime kwanza. Na chipsi ale saa moja jioni, si saa tano."

Kijana alinuna, akanunua vidonge vichache vya kutafuna. Babu akahesabu hela zake taratibu, kisha akauliza kama kapsuli anaweza kuisindikiza na togwa asubuhi, kwa kuwa maji matupu hayapandi. Nikamwambia ameze kwa maji, akalishe kuku, nusu saa ikipita ndiyo togwa ifuate.